Je, Wajua? PowerPoint Ilianzia Kwenye Plastiki

Je, wajua kwamba PowerPoint ilipoingia sokoni mwezi Aprili 1987, kazi yake kuu ilikuwa kuchapa? Toleo hilo la kwanza lilitumika kwenye kompyuta za Macintosh peke yake, tena lilijua nyeusi na nyeupe tu. Mtoa mada alipanga kurasa zake, akazichapa, kisha zikahamishiwa kwenye plastiki angavu za kuwekwa juu ya mashine yenye taa ili maandishi yaonekane ukutani. Aliyepita chuoni miaka hiyo anazikumbuka: plastiki ikigeuzwa upande usio wake, maneno yanasomeka kutoka kulia na darasa zima linacheka.

Alama ya plastiki ile bado iko. Chukua karatasi ya barua ya Kimarekani, inchi 11 kwa 8.5, uache nusu inchi ya ukingo kila upande. Unabaki na inchi 10 kwa 7.5, na hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha kawaida cha slaidi kwa miaka mingi. Toleo la 2013 lilipotanua slaidi ziendane na televisheni pana, upana ulifika inchi 13.33. Kimo hakikuguswa. Slaidi mpya unayoifungua leo ina inchi 7.5 kwenda juu.

Aliyebuni programu hii ni Robert Gaskins, akiwa na Dennis Austin na Thomas Rudkin, katika kampuni ndogo ya Forethought huko California. Mwanzoni waliiita Presenter, wakagundua kuwa jina hilo lina mwenyewe. Gaskins husimulia kwamba la pili lilimjia akiwa anaoga. Fedha za kuilea zilitoka kwa Apple, lakini aliyevuna ni Microsoft: mwaka huohuo wa 1987 iliinunua Forethought kwa dola milioni 14 taslimu, ununuzi wake mkubwa wa kwanza. Watumiaji wa Windows walisubiri hadi 1990.

Rangi zilikuja na toleo la pili, mwaka 1988, lakini kuzipata kulihitaji subira. Ulituma faili lako kwa njia ya simu kwa kampuni iitwayo Genigraphics, nayo ikakutengenezea slaidi za filamu za milimita 35 na kukurudishia kifurushi. Mambo yaligeuka tarehe 25 Februari 1992, katika Hotel Regina jijini Paris. Gaskins alipanda jukwaani na kompyuta mpakato, ikaunganishwa kwa waya na projekta, na slaidi za rangi zikaanza kupishana mbele ya ukumbi uliojaa watu wa Microsoft. Vurugu tunayoijua sote, ya kutafuta waya unaofaa huku wageni wakingoja, ina tarehe yake ya kuzaliwa.

Je, wajua kwamba kulikuwa na wakati programu ilikuwa tayari kukutungia hata mawazo? Katikati ya miaka ya 1990 Microsoft iliongeza AutoContent Wizard: unaieleza aina ya mkutano, yenyewe inakupa slaidi zenye vichwa na hoja za kujazia. Jina lenyewe lilianza kama utani wa watengenezaji, kisha likauzwa hivyohivyo. Mwaka 2000 mwanasayansi wa kompyuta Peter Norvig aliitumia kuigeuza slaidi ile hotuba ya Abraham Lincoln ya Gettysburg, ya mwaka 1863, yenye maneno yasiyofika 300. Hotuba inayoanza kwa kukumbusha kwamba taifa lilizaliwa miaka 87 nyuma ikawa grafu ya nguzo: miaka 87 nyuma, mataifa mapya sifuri, leo, taifa jipya moja. Ni kichekesho, lakini mtu aliyewahi kukaa kwenye warsha ya siku tatu hacheki kwa sauti.

Upande wa pili wa kicheko hicho ni msiba. Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiliporuka, kipande cha povu kilibanduka na kugonga bawa lake la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi wa Boeing waliwaonyesha mameneja wa NASA slaidi za tathmini. Moja ilikuwa na kichwa cha habari kilichotuliza moyo. Chini yake vitone ndani ya vitone, herufi zikizidi kuwa ndogo. Mstari wa chini kabisa ndio uliobeba jambo zito: povu lililogonga bawa lilikuwa na ujazo wa inchi za mchemraba 1,920, ilhali majaribio yaliyotegemewa yalitumia kipande cha inchi za mchemraba 3. Mara 640. Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika ikirudi duniani, na wanaanga wote 7 wakafa. Tume ya uchunguzi iliitaja slaidi hiyo katika ripoti yake, ikaeleza kwamba si ajabu kiongozi kuisoma asitambue kuwa maisha ya watu yako hatarini. Mimi siilaumu programu peke yake, kwani hakuna kitufe kilichowalazimisha kuweka la muhimu mwisho. Ila mpangilio wa vitone ulifanya kosa hilo lionekane nadhifu.

Mwaka uliofuata Jeff Bezos alipiga marufuku slaidi katika mikutano ya wakuu wa Amazon. Badala yake huandikwa waraka wa kurasa 6, na kikao huanza kwa kimya, kila mtu akisoma. Steve Jobs hakwenda njia hiyo: Keynote, programu ya slaidi ambayo Apple iliitoa 2003, ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya maonyesho yake mwenyewe.

Kwa wanaosimama mbele za watu: wakati slaidi zinaonyeshwa, bonyeza herufi B na ukuta unakuwa mweusi, watu wakutazame wewe, bonyeza tena, slaidi inarudi. Ukiulizwa kuhusu slaidi ya 14, andika 14 kisha Enter, usipitie zote ukirudi nyuma. Na ukitaka picha zote zilizomo ndani ya faili la pptx, tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina uwe zip, kisha ulifungue. Picha utazikuta kwenye folda iitwayo media.