Uhai wa Mbegu ya Kiume Nje ya Mwili

Guta ni sehemu ya Wilaya ya Bunda, mkoani Mara, kando ya Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria. Kama ilivyo kwingi katika mwambao wa ziwa hilo, watu huvua, huteka maji, hufua na kuoga ziwani. Mahali pa namna hiyo si ajabu mwanafunzi kuuliza: je, msichana aweza kushika mimba kwa kuoga katika maji alimooga mwanamume? Maswali mengine hufuata, juu ya taulo, shuka na choo.

Jibu fupi ni hapana. Hata hivyo jibu fupi halitoshi, kwa maana sababu zinazoifanya mbegu ya kiume ife upesi ziwani ndizo zinazoeleza kwa nini huishi siku kadhaa ndani ya mwili wa mwanamke. Asiyezijua sababu hizo huogopa pasipo na hatari, na hustarehe mahali hatari ilipo.

UMBILE LA MBEGU

Mbegu ya kiume ni seli moja yenye urefu wa kiasi cha milimita 0.05. Haionekani kwa macho matupu; mtu wa kwanza kuieleza baada ya kuiona kwa hadubini alikuwa Antoni van Leeuwenhoek wa Uholanzi, mwaka 1677. Kichwa chake kimebeba kromosomu 23 za baba. Shingoni mwake zimo mitokondria ambazo hutoa nguvu, na nyuma upo mkia unaoisukuma mbele.

Seli hiyo imeumbwa kwa safari moja tu. Haina akiba kubwa ya chakula, wala haiwezi kujitengeneza ikiharibika. Uhai wake wategemea majimaji yanayoizunguka, yaani shahawa, ambayo huipa sukari, chumvi za kiasi kinachofaa na kinga dhidi ya asidi. Kwa hiyo swali la muda ambao mbegu huishi halina jibu moja. Hapana budi kuuliza kwanza: huishi wapi?

NGUONI, NGOZINI NA CHOONI

Tone la shahawa likidondoka juu ya nguo, ngozi au ubao huanza kupoa na kukauka. Maji yakipungua, chumvi iliyobaki huzidi nguvu na kufyonza maji yaliyomo ndani ya mbegu. Tone likiisha kukauka, mbegu zote zimekufa, na kulilowesha tena hakuzifufui. Taulo lililokauka au kiti cha choo haviwezi kumpa mtu mimba.

Hata hivyo si kweli kwamba mbegu hufa papo hapo ikitoka nje. Shahawa iliyowekwa katika chombo safi, pasipo baridi wala joto kali, huweza kuwa na mbegu zinazotembea kwa saa kadhaa. Ndiyo maana maabara za hospitali huweza kuzipima mbegu za mwanamume, ingawa hushauriwa kufanya kazi hiyo ndani ya saa moja. Jambo kubwa ni kwamba shahawa ingali mbichi au imekwisha kauka.

MAJI YA ZIWA

Ziwani mambo mawili hutokea. Kwanza, shahawa hutawanyika, na mbegu hupoteza majimaji yaliyokuwa yakizilinda. Pili, maji ya Ziwa Victoria yana chumvi kidogo sana kuliko yale yaliyomo ndani ya mbegu. Kwa kanuni ya osmosisi, maji huingia ndani ya seli. Mbegu huvimba, mkia wake hujikunja, na mwendo wake husimama. Zaidi ya hayo, mbegu iliyotawanyika ziwani haina njia ya kumtafuta mtu, kumwingia na kufika katika mji wa mimba.

Mwalimu aweza kuionyesha kanuni hiyo darasani kwa kiazi mbatata. Vipande viwili vilivyo sawa hutiwa, kimoja katika maji matupu na kingine katika maji yenye chumvi nyingi. Baada ya nusu saa hivi, cha kwanza huwa kigumu kwa kujaa maji, na cha pili hulegea kwa kupoteza maji. Seli za kiazi zina ukuta unaozizuia zisipasuke. Mbegu ya binadamu haina ukuta wa namna hiyo.

Samaki wa ziwa hilohilo wana desturi tofauti. Mbegu za sato dume hutulia zikiwa ndani ya mwili wake, na huanza kuogelea zinapokutana na maji ya ziwa. Sato jike hutaga mayai karibu na dume, kisha huyachukua mdomoni na kuyaatamia humo. Hata hivyo mbegu za samaki wengi wa maji yasiyo na chumvi hukoma kutembea baada ya muda mfupi sana, na kwa wengi muda huo haufiki hata dakika chache. Ndiyo sababu dume na jike hulazimika kukaribiana. Ikiwa mbegu iliyoumbwa kwa maji ya ziwa haiwezi kukawia humo, mbegu ya binadamu itawezaje?

Mwenye kuoga ziwani ana jambo lingine la kujihadhari nalo, nalo ni kichocho. Lava wa kichocho hutoka katika konokono wa majini, huweza kuishi majini hadi saa 48 hivi, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Lava huyo ameumbwa kwa kazi hiyo. Mbegu ya kiume haiwezi kupenya ngozi.

NDANI YA MWILI WA MWANAMKE

Ndani ya uke mna asidi, na mbegu nyingi hufa humo katika saa chache. Lakini siku zinazotangulia kupevuka kwa yai, ute wa mlango wa uzazi huwa mwepesi na wenye kuvutika. Mbegu zinazoingia katika ute huo hupata kinga, unyevu na joto la kufaa, nazo huweza kuishi hadi siku 5 hivi. Yai lenyewe huishi kiasi cha saa 12 hadi 24 tu baada ya kutoka katika ovari.

Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake walichapisha nchini Marekani matokeo ya uchunguzi wa wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mimba. Mimba zilitungwa pale tu tendo lilipofanyika katika muda wa siku 6 zinazoishia siku ya yai kutoka. Siku 5 kabla ya yai kutoka, uwezekano ulikuwa kama 10 kwa mia. Siku yenyewe ulifikia kama 33 kwa mia.

Hesabu hiyo yavunja imani kwamba wakati wa hedhi hakuna hatari. Yai hutoka yapata siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Msichana mwenye mzunguko wa siku 21 aweza kutoa yai siku ya 7. Mbegu zilizoingia siku ya 3, angali katika hedhi, zaweza kuwa hai siku ya 7. Tena mizunguko ya wasichana wengi bado haijatulia, hivyo kalenda haiwezi kutegemewa.

HATARI HALISI

Wapo wanaodhani kuchomoa uume kabla ya shahawa kutoka kwatosha. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 huko Uingereza, majimaji yatokayo kabla ya shahawa yalipimwa kwa wanaume 27. Wanaume 11 walikuwa na mbegu katika majimaji hayo, na kwa 10 kati yao mbegu zilikuwa zikitembea. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kati ya wanawake 100 wanaotegemea njia hiyo kwa kawaida, 20 hivi hushika mimba katika mwaka mmoja. Vilevile shahawa mbichi ikiwekwa mlangoni mwa uke, au ikapelekwa humo kwa vidole vilivyolowa, yaweza kuleta mimba hata kama tendo halikukamilika. Uwezekano huo ni mdogo, lakini upo. Kuoga au kujiosha baada ya tendo hakusaidii, kwa kuwa mbegu za kwanza huingia katika ute wa mlango wa uzazi katika dakika chache.

Kwa kuwa kati ya tendo na kutungwa kwa mimba zaweza kupita siku kadhaa, ipo nafasi ya kutafuta msaada. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Aliyelazimishwa yampasa kufika kituo cha afya mapema, ikiwezekana ndani ya saa 72, ili apate pia dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI.

Msichana mjamzito akisema mimba ilitokana na maji ya ziwa, mwalimu asimcheke wala asimfunge mdomo. Huenda hajui, au huenda anamwogopa mtu. Maji hayakufanya kazi hiyo, kwa hiyo yupo mwanamume anayehusika. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kumwingilia mwanafunzi wa chini ya miaka 18 ni kubaka hata kama alikubali. Tangu Novemba 2021, waraka wa Wizara ya Elimu unamruhusu mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi darasani. Elimu ya uhai wa mbegu, ikifundishwa wazi na mapema, yaweza kumwepusha asifikie hapo.