Ramani ya Sikioni: Setilaiti, Muziki na Pikipiki Kati ya Masasi na Newala

Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala. Wapagazi wake walibeba mahema na masanduku ya chakula, na juu ya mzigo huo walibeba fonografu, mashine iliyonasa sauti kwenye silinda za nta. Weule alinasa nyimbo za wenyeji, akagawa penseli na karatasi, na baadhi ya wapagazi wakamchorea ramani za njia za misafara walizozijua kwa nyayo. Kazi ya msafara mzima leo imekaa juu ya usukani wa pikipiki ya cc 125: simu imebanwa kwenye stendi, spika mbili zimefungwa pembeni ya taa, ampu iko chini ya kiti, na dereva anakatiza mbele ya Hospitali ya Mkomaindo huku muziki umemtangulia.

Muziki hauhitaji kutetewa. Ramani ndiyo inayohitaji maelezo, kwa sababu dereva wa kijiwe cha Masasi mjini hana haja ya mashine ya kumwonyesha Mkomaindo, stendi wala Mtandi. Anazifikia hata gizani. Haja inaanza pale mteja anapopiga simu kutoka kijiji ambacho dereva hajawahi kukanyaga na kusema, "Nakutumia lokesheni." Anaweza kuwa mwalimu aliyehamishiwa shule ya pembezoni juzi juzi, fundi wa minara ya simu, au mnunuzi anayetafuta ghala la chama cha msingi wakati wa korosho. Hata wao njia hawaijui, kwa hiyo hawawezi kuielekeza.

Kujua mtu yuko wapi ni kazi inayofanyika Newala sawasawa na inavyofanyika Berlin. Setilaiti za GPS za Marekani, ambazo hazipungui 24 kazini, huzunguka Dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja ina saa ya atomiki, na kila moja inatangaza bila kunyamaza: mimi ni fulani, niko hapa, saa ni hii. Simu hupima tangazo limechelewa kiasi gani, hugeuza ucheleweshaji kuwa umbali, na ikizisikia setilaiti nne hupata mahali ilipo, kimo chake na saa sahihi. Mawimbi hayo hukimbia kwa kasi ya mwanga, hivyo kosa la mikrosekunde moja tu ni mita 300 ardhini. Einstein naye yumo: saa zilizo juu kule huzitangulia za kwetu kwa mikrosekunde 38 hivi kila siku, na kama wahandisi wasingelifidia hilo, kosa lingepita kilomita 10 kwa siku moja. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya matumizi ya kiraia. Siku hizi simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kwa mita tano hivi, na mara nyingi inazisikiliza pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China.

Vijiweni kuna imani kwamba bila bando GPS haifanyi kazi. Inafanya kazi, kwa kuwa simu hapa ni msikilizaji tu na setilaiti hazimtozi mtu. Imani hiyo hata hivyo ina chanzo cha kweli. Simu yenye mtandao hupakua kutoka intaneti taarifa za setilaiti zilipo, ikajua mahali ilipo ndani ya sekunde chache. Simu isiyo na mtandao hulazimika kuzipokea taarifa hizo kutoka angani kwenyewe, na angani huko data hutiririka polepole mno: taarifa za setilaiti moja huchukua nusu dakika, na kalenda ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Dereva aliyezima simu Masasi akaiwasha kijijini, chini ya mkorosho mkubwa, mahali ambapo mnara hausomi, husubiri, hukasirika, kisha huamua kwamba GPS imeisha pamoja na bando. Dawa ni kupakua ramani ya mkoa mzima ukiwa mjini, jambo linalowezekana kwa programu kama OsmAnd na Organic Maps, na kuwasha GPS kabla ya kuondoka.

Ikishapatikana nukta ya bluu, tatizo lenyewe linajitokeza: imesimama juu ya ukurasa ulio karibu mtupu. OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea, ndiyo inayotumiwa na programu hizo zisizohitaji mtandao. Wachoraji wengi hufuata picha za setilaiti, na picha haina majina. Inaonyesha mstari mwekundu wa njia, lakini haisemi kama mstari huo unaelekea kisimani au Kitangari, wala kama mchanga wake unapitika na abiria na gunia. Chini ya matawi ya mikorosho hata mstari wenyewe hupotea. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map umekuwa ukijaza vijiji vya Tanzania kwenye ramani hiyo, na kazi yake ilianza kwa haja ya kuwafikia wasichana waliokuwa wakikimbia ukeketaji mkoani Mara. Mwaka huohuo wa 2015 Ramani Huria ilianza kuwatumia wanafunzi na wenyeji kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika. Kote huko somo lilikuwa moja: mchoraji wa mbali huleta mistari, mwenyeji huleta majina.

Serikali nayo iliingia. Februari 2022 ilizinduliwa operesheni ya anwani za makazi, na kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo nyumba zilipigwa namba na barabara zikapewa vibao hadi katika miji midogo. Programu ya NaPA ndiyo inayohifadhi anwani hizo. Ni hatua kubwa, ingawa mtu akiulizwa anakaa wapi bado atataja mwembe, msikiti au duka la fulani kabla ya kukumbuka namba iliyo juu ya mlango wake.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa uwanda huu hasa. Newala imekaa ukingoni, na pale Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla, bonde linafunguka kuelekea Ruvuma. Kwenye kioo cha simu kijiji kilicho chini ya ukingo huonekana jirani kabisa, umbali wa vidole viwili. Programu inayohesabu njia huangalia urefu wa mstari na aina ya barabara iliyoandikwa, na kama mchoraji aliandika njia ya miguu kuwa barabara ya magari, mashine itampeleka dereva kwenye genge bila wasiwasi wowote. Google ilianza kuhesabu njia za pikipiki peke yake nchini India mwishoni mwa 2017, na Kenya ikafuata mwaka 2018. Hesabu hizo zinajua vichochoro na foleni. Mchanga mzito wa uwanda wa Makonde, ule unaomfanya dereva ashushe miguu yote miwili, ni habari nyingine.

Sasa macho. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Dereva akiitazama simu kwa sekunde mbili ametembea mita 22 bila kuiona barabara, na katika mita 22 za njia ya kijijini kuna nafasi ya mbuzi, shimo na mtoto mwenye ndoo. Juu ya hapo, kioo cha kugusa hakikutengenezwa kwa ajili ya usukani. Hutambua kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme na kuvuruga kidogo uga wa umeme ulio juu ya kioo. Tone la mvua hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana masika ramani hujikuza na kujisogeza yenyewe. Glovu nene hufanya kinyume: kidole kipo, simu hakioni.

Jua linamalizia. Masasi iko karibu na nyuzi 10 na dakika 43 kusini mwa ikweta, na jua la saa sita hupita juu ya utosi wake mara mbili kwa mwaka, katika Februari na katika Oktoba. Oktoba ndiyo korosho zinaingia maghalani na bodaboda hazipumziki. Simu nyeusi iliyolala kwenye stendi, inachaji, inawasha kioo kwa mwanga wote na inatafuta setilaiti, hupashwa moto kutoka juu na kutoka ndani. Apple husema iPhone itumike katika mazingira yasiyozidi nyuzi joto 35. Ikizidi, simu hupunguza mwanga yenyewe, halafu hujifungia mpaka ipoe.

Mtikisiko una hadithi yake. Injini ya silinda moja ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hutikisa usukani mara 100 kwa sekunde. Ndani ya kamera za simu nyingi za kisasa kuna lenzi inayoelea, ikisukumwa na sumaku ili kutuliza picha mkono unapotetemeka. Septemba 2021 Apple iliwaonya wateja wake waziwazi kwamba mtikisiko mkali wa injini za pikipiki, ukipitia usukani kwa muda mrefu, unaweza kuharibu mfumo huo. Simu ya bei ndogo isiyo na lenzi ya namna hiyo iko salama zaidi hapo. Ni nadra umaskini kuleta faida ya kiufundi, lakini hii ni mojawapo.

Wenye pikipiki za kifahari walitatua hayo kwa fedha. Honda, kampuni iliyouza ramani ya gari iliyoongozwa na jairo bila setilaiti yoyote mwaka 1981, ilitoa Gold Wing ya mwaka 2018 yenye kioo cha inchi 7 na mfumo wa CarPlay unaoleta programu za iPhone kwenye kioo hicho, pikipiki ya kwanza duniani kuwa nao. Injini yake ina cc 1,833. Mtu wa Newala akiwa na fedha hizo huenda akanunua gari.

Fundi wa umeme wa pikipiki hapa huanza na hesabu ndogo zaidi. Boksi la ampu limeandikwa wati 500. Waya wake una fyuzi ya ampea 5 na betri ni ya volti 12, na 5 mara 12 ni 60. Wati nyingine 440 zimebaki kwenye boksi. Hata hizo 60 ni nyingi kwa chombo ambacho taa yake ya halojeni peke yake inakula wati 35 na betri yake ni ndogo kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja. Muziki ukipigwa kijiweni injini ikiwa imezimwa, jioni dereva anarudi kwenye kiki. Sikio nalo halipandi sawa na umeme: kuzidisha nguvu mara mbili huongeza desibeli 3, tofauti ambayo mtu huisikia kwa taabu, na ili sauti ionekane imeongezeka mara mbili, nguvu inabidi iongezwe mara kumi hivi.

Kuna pia ule mluzi unaopanda na kushuka kila dereva anapovuta mafuta. Huo ni umeme wa injini, usiosafishwa vizuri, unaoingia kwenye spika kupitia waya za simu na ampu zilizofungwa ardhi sehemu tofauti za fremu. Fundi anayejua kazi hupeleka waya zote mbili hasi moja kwa moja kwenye betri, na mluzi hunyamaza.

Lakini kosa kubwa la mfumo mzima haliko kwenye waya. Liko kwenye mpangilio wa kazi. Macho yana barabara, mikono ina usukani, kwa hiyo kiungo pekee kilichobaki kwa ajili ya ramani ni sikio, na sikio tayari limeuzwa kwa muziki. Besi hufunika sauti zilizo juu yake kuliko sauti za juu zinavyoweza kuifunika besi, na konsonanti zinazotofautisha maneno ya maelekezo ziko juu huko. Sauti inayosema kata kulia baada ya mita 200 huzama. Simu ina uwezo wa kupunguza muziki yenyewe kila inapotaka kuelekeza, lakini kwa sharti moja: muziki uwe unatoka kwenye simu hiyohiyo. Bodaboda wengi hupiga muziki kutoka memori kadi iliyochomekwa kwenye redio ya pikipiki. Redio haijui kama kuna kona. Kwa hiyo kabla ya kununua kioo kikubwa zaidi, dereva angehamishia nyimbo zake kwenye simu, akaunganisha kwa Bluetooth, akaifunga simu mfukoni, akasikiliza. Google Maps iliongeza Kiswahili mwaka 2018, katika kundi la lugha 39, na hilo ni nafuu, maana mashine ya Kiingereza ikilisoma jina la mahali kama Chiungutwa hata mzaliwa wa huko hutazama pembeni.

Na barabara yenyewe inabadilika. Kutoka Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, lami imekwisha kuwekwa. Kilomita 160 zinazobaki hadi Masasi, kupitia Tandahimba na Newala, ziko kwenye mradi unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lami inapofika, mwendo hupanda, na pikipiki ikivuka kilomita 65 hivi kwa saa kelele ya upepo ndani ya kofia ngumu huzidi kelele ya injini. Kwenye mwendo wa 100 upepo huo hufika desibeli 95, wakati wataalamu wa afya kazini huhesabu 85 kuwa kikomo cha saa nane, na kila desibeli 3 za ziada hukata muda huo nusu. Spika za pembeni ya taa, zinazotosha kabisa kwenye mchanga wa Kitangari, hazitasikika na mtu aliye juu ya kiti. Zitasikika na wanaokaa kando ya barabara.