Amechanjwa, sawa. Amechanjwa nini? Mlinde mtoto wa mbwa na parvo

Najua wengi mnasubiri niendelee na upuliziaji wa mikorosho, lakini leo naomba tuongee habari ya mbwa. Kuna jambo limetokea huku kwetu Masasi, na kwenye kosa lenyewe mimi pia nimo.

Kijana mmoja upande wa Lukuledi anafuga kuku wa kienyeji na ana mikorosho yake. Vicheche walikuwa wanammalizia vifaranga, na msimu wa korosho ukifika wezi nao hawalali. Akanunua watoto wawili wa mbwa, wa wiki saba hivi. Muuzaji akamwambia, "Mama yao kachanjwa, kadi hii hapa." Siku ya sita mmoja akakataa uji. Jioni akatapika povu. Kulipokucha anahara damu, na harufu yake unaisikia kabla hujafika bandani.

Akanipigia simu: "Bwana shamba, jirani kanilishia mbwa sumu." Wana mgogoro wa mpaka, basi mawazo yakaenda huko moja kwa moja. Alikuwa njiani kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kushtaki. Nikamwambia subiri kwanza. Tukawapeleka kwa daktari wa mifugo, akawapima: parvo. Mmoja alikufa usiku ule, wa pili akapona baada ya siku kadhaa za dripu. Jirani wa watu hakuhusika kabisa.

Parvo ni nini

Ni ugonjwa wa kirusi. Kinashambulia utumbo wa mbwa na kushusha kinga yake ya mwili. Mbwa hafi kwa kirusi peke yake: anakauka maji kwa kuhara na kutapika, na bakteria wa utumboni wanaingia kwenye damu. Wanaokufa zaidi ni wenye umri wa wiki 6 hadi miezi 6, na asipotibiwa wengi hawaponi. Dalili huanza kati ya siku 3 na 7 baada ya kuambukizwa, mara nyingine hadi wiki mbili. Binadamu haambukizwi parvo ya mbwa, wala kuku.

Wazee wakikwambia zamani hawakuuona ugonjwa huu, usiwabishie. Ulitambuliwa mwaka 1978, na ndani ya miaka miwili tu ukawa umeenea duniani.

Kadi ile ilikuwa ya nini

Niliiomba ile kadi nikaisoma. Ilikuwa ya mama, na chanjo iliyoandikwa ni ya kichaa cha mbwa. Muuzaji hakudanganya, ila hakujua. Huku kusini mwa Tanzania tumepitiwa na kampeni kubwa za kuchanja kichaa, hasa miaka ya 2010, na zimesaidia sana. Lakini zimetuachia mazoea kwamba mbwa ana chanjo moja tu. Chanjo ya kichaa haizuii parvo hata kidogo. Ya parvo huwa ndani ya chanjo ya mchanganyiko, pamoja na ya distempa na magonjwa mengine. Kwa hiyo mtu akikwambia "amechanjwa", muulize: amechanjwa nini, lini, na mara ngapi?

Kwa nini sindano moja haitoshi

Mtoto wa mbwa anapata kinga kwenye maziwa ya kwanza ya mama, kama mama mwenyewe anayo. Kinga hiyo inapungua taratibu. Shida ni kwamba ikiwa bado ipo, inaiua nguvu chanjo unayomchoma. Ikishuka, inaweza kuwa haitoshi kumlinda, lakini bado inatosha kuiharibu chanjo. Hapo katikati mtoto yuko wazi, na huwezi kujua kwa macho ni wiki ipi. Ndiyo maana tunarudia:

- Ya kwanza: wiki 6 hadi 8
- Rudia kila baada ya wiki 3 au 4
- Ya mwisho ya utoto: akifikisha wiki 16, si chini ya hapo
- Kisha nyingine kabla au anapotimiza mwaka
- Kichaa ni sindano yake peke yake, kuanzia miezi 3

Chanjo ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ukiiona imekaa juani kwenye kaunta, iache. Toka Masasi mjini hadi kijijini ibebwe kwenye chupa au boksi lenye barafu. Mkiwa vijana watano wenye mbwa, changeni nauli ya mtaalamu aje siku moja, itawapungukia wote.

Kosa langu

Siku ile nilipotoka Lukuledi nilipitia kwa mkulima mwingine kuangalia mbaazi zake. Pale kulikuwa na mbwa ananyonyesha. Nilikuwa na gambuti zilezile. Siku nane baadaye watoto wawili wa pale wakaanza kuhara damu, wakafa. Siwezi kuthibitisha ni mimi, lakini siwezi kusema si mimi. Nilimrudia yule mzee nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi wafundishe na wengine."

Ndiyo hii naifanya. Kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata kupita mwaka kama ni kivulini. Kinabebwa na viatu, tairi la pikipiki, bakuli, kamba na nzi. Mbwa wako hahitaji kukutana na mbwa mgonjwa, wewe unamletea nyumbani.

Ufanye nini

1. Mpaka wiki mbili zipite baada ya sindano ya wiki 16, mtoto abaki ndani ya uzio wako. Asifuatane na wewe mnadani wala kilabuni.
2. Viatu vya safari viishie getini. Weka ndala za ndani.
3. Sabuni peke yake haikiui, wala dawa nyingi za kusafishia. Jiki inakiua. Kwanza ondoa kinyesi, osha, halafu mwaga jiki kikombe 1 kwa maji vikombe 15 (ile ya asilimia 3.5, soma lebo), iache dakika 10. Usimmwagie mbwa. Kwenye udongo jiki haina nguvu, kwa hiyo banda la sakafu ya saruji ni bora. Najua wa Newala maji mnanunua. Kwenu uzio na viatu ndio vya kusimamia zaidi.
4. Usimtenge na mama kabla ya wiki 8, na mpe dawa ya minyoo mapema.
5. Palipofia mbwa wa parvo, usilete mtoto mwingine mwaka mzima, labda awe amemaliza chanjo zote.

Akishaugua

Mtenge, mpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Hakuna dawa ya kuua kirusi. Kinachookoa ni maji ya dripu na dawa za kuzuia kutapika na bakteria, na kila saa ina maana. Usimnyweshe kwa nguvu maziwa, mafuta wala dawa za kienyeji, atapaliwa. Chanjo wakati tayari anaumwa haimsaidii. Akipona, mwache peke yake angalau wiki mbili nyingine, maana bado anatoa kirusi kwenye kinyesi.

Na kabla hujamnyooshea kidole jirani kwamba kakulishia sumu, mwache daktari apime. Mbwa mwingine utampata. Ujirani ukivunjika, hauna sindano.