"Si Kitu, Mwanangu"



Jioni moja ya Novemba, saa zilipokwisha kurudishwa nyuma na giza kuingia kabla ya saa kumi na moja, gari lililokuwa likikata kona ya Keele na Sheppard lilimkumba mama mmoja wa jumuiya yetu, mwenye umri wa miaka sabini na ushei. Aliinuka, akakung'uta koti, akamwambia dereva kijana aliyekuwa akitetemeka: "Si kitu, mwanangu. Nenda zako." Kijana akaenda. Saa nne usiku mama akaanza kutapika, akawa anawaita wanawe kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufariki.

Mungu alimjalia akapona. Nasimulia haya kwa sababu ungwana ule ndio tuliofunzwa sote, nao ungalimuua. Damu yaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu huku mtu akizungumza vizuri kwa saa kadhaa. Kwa wazee, hasa wanaomeza dawa za kuzuia damu isigande, hatari huzidi.

Hospitali ya Humber River, iliyofunguliwa mwaka 2015 pale Wilson karibu na Keele, ina idara ya dharura usiku na mchana. Muuguzi hupanga wagonjwa kwa daraja 1 hadi 5, kwa uzito wa hali na si kwa kutangulia kufika; basi mwambieni waziwazi, "Nimegongwa na gari," wala msiseme "naumwa kichwa" mkanyamaza.

Wengi huogopa gharama. Mwenye kadi ya OHIP hatozwi kwa kutazamwa na daktari. Ambulensi aliyoihitaji kweli ni dola 45. Aliyeomba hifadhi ya ukimbizi ana mpango wa serikali kuu, IFHP. Isitoshe, sheria ya Ontario humpa aliyegongwa haki ya mafao ya bima ya magari, kosa liwe la nani, hata kama hana gari. Ila kampuni ya bima yapasa iarifiwe katika siku 7. Itaarifiwaje, ikiwa dereva ameambiwa aende zake? Pigeni 911, chukueni nambari ya gari, na jina la shahidi.

Sisi tuliolelewa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala tuna taabu moja zaidi: shingo zetu hugeukia kulia kwanza, ilhali hapa, ukishuka tu barabarani, gari la kwanza hutoka kushoto. Jirani zetu wa Bukavu na Bujumbura hutucheka kwa hilo.