Kamera ya mjomba ilivyonichezea wiki ya mwisho ya mama shambani

Mama alichuma majani chai kwa mikono kwa miaka 22. Wiki yake ya mwisho kazini niliamua kumpiga picha, na si kwa simu. Nilichukua kamera ya filamu aliyoniachia mjomba, nikatia filamu moja ya picha 36, nikamfuata shambani siku tatu. Picha ziliporudi kutoka Nairobi, 20 kati yake zilikuwa na upande mmoja mweusi tii, ni kama mtu amevuta pazia katikati ya uso wa mama.

Na kweli, ni pazia ndilo liliniponza.

Wacha nikurudishe nyuma kidogo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa. Nikarudi nyumbani karibu na Litein, nikaanza kupiga watu picha za harusi na za mitandao. Kamera ya mjomba ilikuwa kabatini, kimya, miaka nenda miaka rudi. Ni Pentax K1000, aina iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Ni chuma tupu. Kibetri chake ni cha kupima mwanga tu. Hata kikifa, shata bado inafyatuka.

Kuhusu mashine za kuchuma chai, huku kwetu hiyo ni stori nzito. Mei 2023 watu wenye hasira ya kupoteza kazi walizichoma moto hapa Kericho. Kampuni aliyofanyia mama nayo ilileta zake, na zamu yake ikafika. Ndiyo maana picha zile hazikuwa mchezo. Wiki ile haiwezi kurudiwa.

Nilibeba kamera hadi Kericho mjini kwa mzee mmoja fundi wa saa. Aliitazama, akavuta mkono wa filamu, akafyatua, akasikiliza kama daktari.

"Kijana, hii ilikaa bila kutumika miaka mingapi?"

"Mingi, mzee. Sijui hata."

"Basi haijavunjika. Imelala."

Akanieleza. Ndani ya kamera hii kuna mapazia mawili ya kitambaa chenye mpira. La kwanza linafunguka kuruhusu mwanga, la pili linafuata kufunga. Kwa kasi ya 1/60, la kwanza linamaliza safari ndipo la pili linaanza. Lakini kwa 1/500 au 1/1000, yanafuatana mbio, yakiacha mwanya mwembamba tu katikati. Sasa grisi ikizeeka inakuwa kama gundi. Pazia la kwanza linakokota miguu, la pili linalifikia njiani, mwanya unaziba, na upande mmoja wa filamu haupati mwanga hata chembe.

Hapo nikaelewa. Asubuhi jua lilikuwa kali, nikatumia 1/500 na 1/1000. Hizo ndizo zilizoharibika. Alasiri mvua yetu ya kawaida iliposhuka, giza likaingia, nikapunguza hadi 1/60 na 1/125. Hizo 16 zilitoka fiti. Manze, mvua niliyoilaani siku zote tatu ndiyo iliyoniokolea picha.

Mzee alifungua bamba la chini, akasafisha grisi kuukuu, akaweka mafuta ya saa kwa ncha ya sindano, kitone kimoja hapa, kingine pale. Nilimuuliza mbona asikaze tu springi. Akacheka. "Ukikaza kabla ya kusafisha, unampiga punda mgonjwa."

Kama nawe umerithi kamera ya babu au umeokota moja sokoni, usitie filamu kwanza. Filamu moja ilinila zaidi ya elfu mbili, kabla hata ya kuisafisha. Fanya hivi:

Anza na betri. K1000 haiihitaji ili kufyatua, lakini kamera kama Canon AE-1 bila betri nzima haifyatuki. Usilipe fundi kwa kosa la betri.

Pili, fungua mgongo wa kamera ikiwa tupu, toa lenzi, uelekeze dirishani, si kwenye jua. Weka sekunde moja, ufyatue. Ikikwama katikati, giya za kasi ndogo zimeganda. Kisha weka 1/1000. Unatakiwa kuona mmweko kutoka ukingo hadi ukingo. Upande mmoja ukibaki giza, una ugonjwa wangu.

Tatu, tumia simu. Rekodi video ya mwendo wa polepole, ile ya fremu 240 kwa sekunde. Kwa 1/60, mwanga uonekane kwa takriban fremu nne. Ukipata nane, shata yako inachelewa maradufu.

Nne, ifyatue mara hamsini hivi kwa kasi zote. Kuna zinazoamka kwa mazoezi tu. Yangu ilikataa.

Tano, ukiona nukta nyeupe mahali palepale kwenye kila picha, shuku kwamba pazia limetoboka. Hilo ni la fundi.

Na tafadhali, usiguse mapazia kwa kidole, wala usipulizie mafuta ya kulainisha bawaba za mlango. Yatasambaa hadi kwenye kitambaa na kunasa vumbi, na kazi ya nusu saa igeuke ya wiki. Ukimaliza kupiga, usiiache ikiwa imevutwa, springi zinachoka. Tena kwa unyevu huu wetu wa Kericho na Bomet, ihifadhi ndani ya mkebe unaofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. La sivyo kuvu italipata lenzi.

Nilimpelekea mama zile 16 nzuri. Akachagua moja: mvua inanyesha, kikapu mgongoni, mikono yote miwili imezama kwenye majani. Kisha akaniuliza zingine ziko wapi. Nikasema zimeharibika, nitazitupa.

"Lete nione."

Akazipitia polepole, akasimama kwenye moja ambayo uso wake umemezwa na weusi, umebaki mkono wa kulia na machipukizi mawili matatu kati ya vidole.

"Hii usitupe," akasema. "Huo mkono ndio uliokulipia ule mwaka wa kwanza."

Sasa ziko mbili ukutani.