Omena, Osuga na Presha ya Mjini

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia, ukaupita uwanja wa ndege, utafika Otonglo kabla ya Kisian, pale barabara inapogawanyika, moja ikaelekea Bondo na nyingine Maseno. Wakenya wengi walilishika jina hilo mwaka 2013, mwanafunzi mmoja wa sekondari aliposimulia "Otonglo Time" mbele ya Rais Uhuru Kenyatta na kuvunja watu mbavu. Wenyeji wao wanaijua Otonglo kwa biashara ya jioni. Matatu zinaposhusha waliotoka kazini mjini, akina mama huwa wameshatandaza omena juu ya magunia, gorogoro ikiwa ndicho kipimo, na kando yake mafungu ya mboga za kienyeji: osuga, yaani mnavu, dek, ambayo wengine huiita mgagani au saga, apoth, ndiyo mrenda, halafu kunde, mchicha na susa, majani ya malenge. Muuzaji haitwi kwa jina lake. Yeye ni Nyar Seme, Nyar Alego au Nyar Asembo, binti wa kule alikozaliwa, na mteja anayejua kuita kwa adabu haondoki bila nyongeza ya kiganja juu ya kipimo.

Wataalamu wa moyo wakiulizwa mtu ale nini ili mishipa yake isikakamae, jibu lao halitoki mbali na magunia hayo: mboga za majani kwa wingi, samaki, kunde na maharagwe, nafaka isiyokobolewa, chumvi kidogo. Kwa Wajaluo wa mwambao wa Ziwa Viktoria, hilo halikuwa agizo la daktari. Kilikuwa chakula cha kila siku.

Na ushahidi upo, tena unawahusu wao wenyewe. Katika miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake walifuatilia zaidi ya vijana 300 wa Kijaluo waliotoka vijiji vya kaskazini mwa ziwa kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ. Vijijini, shinikizo la damu lilikuwa la chini. Kwa waliohamia Nairobi lilianza kupanda mapema, wakiwa bado wageni mjini. Uzito wao uliongezeka, na mkojo wao ulionyesha kwamba uwiano wa sodiamu na potasiamu ulikuwa umeharibika: sodiamu nyingi, potasiamu haba. Ukoo ulikuwa uleule na damu ni ileile. Kilichobadilika ni maisha, na sahani ikiwemo.

Otonglo imekaa katikati ya maisha hayo mawili. Nyuma ya maduka kuna mashamba na boma zinazopanda kuelekea vilima vya Riat. Mbele kuna lami, vibanda vya chipsi na mji unaozidi kusogea. Mtu anaweza kula kiamshakinywa cha kijijini na chajio cha Nairobi bila kupanda matatu.

Basi tuingie jikoni, kwenye dek. Majani huchambuliwa moja moja kutoka kwenye bua, kazi ya alasiri inayofanywa kivulini na wanawake na watoto, mazungumzo yakiendelea. Huoshwa, huchemshwa, na maji ya kwanza yenye uchungu humwagwa. Kisha hutiwa maziwa, chungu kikarudishwa kwenye moto mdogo. Kesho yake hupashwa moto tena na kuongezwa maziwa, na kesho kutwa vilevile, mpaka majani yanywe maziwa na uchungu upoe. Dek ya siku ya kwanza hupewa mwenye haraka. Ya siku ya tatu ndiyo ya kumwekea mgeni. Mpishi stadi huchanganya pia: chungu kwa laini, osuga kwa mchicha, dek kwa kunde. Apoth haipikwi peke yake mara nyingi, kwa kuwa ute wake unatafuta mwenzake wa kumshika.

Ute huo si wa kudharauliwa. Ni ufumwele unaoyeyuka, jamii ya vitu vinavyonasa asidi za nyongo tumboni na kutoka nazo, hivyo ini hulazimika kutumia kolesteroli ya mwilini kutengeneza nyongo nyingine. Majani ya kijani nayo yana potasiamu, ambayo huzisaidia figo kutoa sodiamu na kuzilegeza kuta za mishipa ya damu. Hapo ndipo vijana wale wa Nairobi walipopungukiwa.

Hata hivyo desturi hii ina kasoro zake, na ni vizuri zisemwe. Maji yanayomwagwa huondoka na sehemu ya potasiamu na vitamini. Magadi yanayotiwa kwenye apoth ili ilainike haraka ni chumvi ya sodiamu kwa jina jingine. Mpishi akitia magadi kisha akanyunyiza chumvi, mwenye presha amelipishwa mara mbili. Bibi wengi hawapimi magadi kwa kijiko. Hupima kwa ncha za vidole, na vidole hivyo ni vya busara kuliko mkono wa kizazi kilichozoea kumimina.

Kwa muda mrefu mboga hizi zilidharauliwa, zikaitwa chakula cha maskini, kabeji na sukuma wiki zikatukuzwa. (Sukuma wiki haina hatia yoyote, ni majani mazuri yaliyopewa sifa za wenzake.) Aliyefanya kazi kubwa ya kuzirudishia heshima ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtaalamu wa kilimo cha mboga aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno, juu kidogo kwenye barabara hiyohiyo, kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Utotoni mwili wake ulikataa nyama, samaki, maziwa na mayai, akalelewa kwa mboga za kienyeji. Alipokuwa mtafiti alizichunguza mbegu zake, lishe yake na mapishi yake, na mwaka 2014 alitunukiwa Medali ya Edinburgh. Leo osuga iko kwenye maduka makubwa ya Kisumu, imefungwa vizuri, kwa bei ambayo ingemshangaza Nyar Seme.

Tukija kwa samaki, omena ndiye bingwa asiyejua kujivuna. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazoelea majini, huanikwa juani, na huliwa mzima, mifupa na yote, kwa hiyo mlaji hupata kalisi pamoja na protini na mafuta ya omega-3. Mpishi humwosha kwa maji moto kuondoa mchanga, humkausha kidogo sufuriani, kisha nyanya, kitunguu, na kwa wengine maziwa. Kwamba samaki wa maji baridi pia humfaa mlaji, Tanzania ilionyesha: katika utafiti wa Lugalawa, wilayani Ludewa, uliochapishwa na The Lancet mwaka 1996, wanakijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa waliokula samaki kila siku walikuwa na shinikizo la damu la chini na mafuta mazuri zaidi ya damu kuliko ndugu zao wa milimani waliokula mboga na nafaka tu.

Ngege, yaani tilapia, ana heshima ya mezani: mgeni huwekewa mzima, kichwa hakikatwi. Lakini ngege amepanda bei, na masoko ya Kisumu siku hizi yana samaki wa barafu kutoka China pamoja na wale wanaofugwa vizimbani ziwani. Mbuta naye, yaani sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na kuzagaa miaka ya 1980, aliwaangamiza samaki wadogo wengi na kuleta viwanda vya minofu. Minofu ilikwenda Ulaya. Obunga, mtaa wa Kisumu, ukabaki na mgongo wazi, yaani mifupa yenye nyama kidogo, inayokaangwa na kuuzwa kwa wenye kipato kidogo. Ni werevu wa kupigiwa makofi, ila ule mkaango unaorudia mafuta yaleyale kutwa nzima haumsaidii mla mifupa. Wazee walichemsha, walichoma, walikausha. Kuzamisha samaki katika mafuta ni tabia ya juzi, na imekuja pamoja na mafuta magumu ya kopo, yale yanayoganda asubuhi kwenye sahani isiyooshwa na kupandisha kolesteroli mbaya mwilini.

Kuhusu ugali, kuon, habari ni fupi: wa zamani ulikuwa wa mtama au wimbi, mara nyingine umechanganywa na muhogo, wenye rangi na ufumwele wake. Ule mweupe wa unga uliokobolewa ulipendwa kwa sababu ya weupe wake.

Yapo ya zamani yasiyostahili kurudi. Kuku na mayai vilikuwa haramu kwa wanawake wa Kijaluo, na ni vyema mwiko huo umelegea. Yapo pia mapya yanayojifanya ya zamani. Matanga ya siku hizi, yanayojaza mahema kuanzia Alhamisi mpaka Jumamosi, yamebeba pilau, nyama ya kukaanga, chapati, soda na chai ya sukari nyingi. Atakayeandaa osuga na nyoyo ya mahindi na maharagwe ataambiwa amemdharau marehemu. Kukusanyika kumfariji mfiwa ni mila. Soda si mila ya mtu yeyote.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Zaidi ya asilimia 90 hawakula matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, tena humo zimo chumvi ya mkate, ya chipsi na ya mchuzi wa pakiti.

Kwa hiyo anayeshuka Otonglo jioni anunue apoth na osuga, apunguze magadi, achemshe samaki badala ya kumkaanga, na akapimwe presha kituo cha afya kilicho karibu hata kama hajisikii vibaya, kwa maana ugonjwa huu haupigi hodi. Omena naye ana kalenda yake: upande wa Kenya, uvuvi wake hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili azaane. Anayemtaka kwa bei nafuu amnunue Machi, mkavu, amhifadhi mahali pasipo na unyevu.