Majitaka ya viwanda vya karatasi: bahari husafisha nini, na nini hubaki?

Sweden na Finland ni majirani wanaotenganishwa na Ghuba ya Bothnia, kaskazini mwa Bahari ya Baltiki. Nchi hizo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa karatasi duniani, na kwa miaka mingi viwanda vyao vya pwani vilimwaga majitaka katika ghuba hiyo. Yaliyotokea huko yaligusa wavuvi kwanza, kisha yakafika sokoni.

Ili kupata karatasi, vipande vya mbao hupikwa kwa kemikali hadi nyuzi zitengane na lignini, yaani gundi ya asili ya mti. Majitaka yanayobaki huwa na vitu vya aina nne, na kila kimoja huvunjika kwa kasi yake.

Kwanza ni sukari na pombe zitokanazo na mbao. Bakteria huzila kwa siku au wiki chache tu. Hata hivyo, bakteria hao hutumia oksijeni iliyomo majini, na ikipungua sana samaki hukimbia au kufa.

Pili ni lignini yenyewe. Huoza polepole mno, na rangi yake ya kahawia huzuia mwanga kufikia mimea ya majini.

Tatu ni nyuzi. Huzama karibu na bomba na kurundikana chini, mahali pasipo na oksijeni, ambapo huoza taratibu na kutoa methani na gesi yenye harufu ya yai bovu. Katika pwani ya Västernorrland, Sweden, marundo ya viwanda vya zamani bado yapo, mengine yakiwa na zebaki.

Nne ni mabaki ya klorini iliyotumika kuifanya karatasi iwe nyeupe. Klorini ikiungana na lignini huzaa kemikali ambazo baadhi yake bakteria huzishindwa. Hizo huingia katika mafuta ya samaki na kukaa kwenye tope.

Aidha, Baltiki ni bahari ya baridi iliyofungwa na nchi kavu, na maji yake huchukua takriban miaka 30 kubadilishwa. Dhana kwamba bahari itachukua kila kitu haikufanya kazi huko.

Katika miaka ya 1980, watafiti walikuta samaki wenye hitilafu za ini na uzazi karibu na kiwanda cha Norrsundet, Sweden. Mwaka 1991, shirika la Greenpeace lilichapisha nchini Ujerumani nakala ya kuiga jarida la Der Spiegel kwa karatasi isiyong'arishwa kwa klorini. Wanunuzi walianza kuidai karatasi hiyo, na viwanda vikabadili mitambo.

Leo mfanyabiashara hukuta alama za ECF au TCF kwenye makasha ya karatasi. ECF ina maana kwamba gesi ya klorini haikutumika, ingawa dioksidi ya klorini hutumika. TCF haina klorini ya aina yoyote. Hutumia oksijeni, ozoni au peroksidi.

Ikumbukwe kuwa alama hizo zinahusu ung'arishaji tu. Hazisemi lolote kuhusu nyuzi wala oksijeni inayopotea majini. Kwa hilo, mnunuzi hana budi kumuuliza muuzaji kama kiwanda husafisha majitaka kwa bakteria kwenye mabwawa kabla ya kuyaachia baharini.